Mgongo ni Wangu, Madaktari ni Mtaa Mzima

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina madaktari wangapi, shika kiuno hadharani. Usiseme neno. Shika kiuno, kunja uso kidogo, subiri. Konda wa daladala atakwambia ni figo. Muuza kahawa atasema ni ngiri. Mama wa genge, niliyemfuata kwa sababu ya nyanya tu, alinitazama ninavyoinama akasema, "Baba angu, baridi yabisi hiyo, chemsha mlonge." Fundi simu aliniuliza umri, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniandikia namba ya mtu wa Tanga. Sikumuuliza huyo mtu wa Tanga anatibu nini. Kwa jinsi alivyoishusha sauti, nilielewa.

Mwenye malaria anaachiwa malaria yake. Mwenye kisukari anaulizwa siku hizi anakula nini, yamekwisha. Lakini kiuno cha mwanamume wa makamo ni mali ya umma, kila apitaye anakitolea tamko.

Maumivu yangu mimi yana njia yake, hayapotei. Yanaanzia kiunoni upande wa kushoto, yanapita kwenye kalio, yanashuka nyuma ya paja, yanavuka goti, yanaishia kwenye kidole kidogo cha mguu. Nikikohoa yanawaka. Nikipiga chafya nalitaja jina la marehemu mama yangu lote, pamoja na la ukoo. Madaktari wanaiita sayatika: mzizi wa neva unaotoka kwenye uti wa mgongo umebanwa au umewashwa, na neva hiyo hailalamikii pale ilipobanwa tu, inalalamika mpaka kule inakoishia. Ndiyo maana mguu mzima unaungua na mguu wenyewe hauna kosa lolote.

Wala siko peke yangu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Milioni 619, na kila mmoja wao, naamini, ana shemeji anayejua dawa.

Kusimama naumia, kukaa naumia zaidi, na daladala inakupa vyote viwili kwa nauli moja. Konda anagonga bati: "Mzee, sogea nyuma, nafasi ipo!" Nafasi ipo, mgongo ndio haupo. Halafu yanaanza matuta. Sijui nani alishauri kwamba kila baada ya nyumba nne barabara ivimbe, lakini nina hakika siku hiyo diski zake zote zilikuwa mahali pake.

Juzijuzi tulikuwa msibani. Wanaume tumekaa mkekani, dua imekwisha, watu wanainuka. Mimi sikuinuka. Nilibaki nimeshika goti, natafuta nianzie upande gani, jasho linanitoka, machozi yananilenga, mpaka wafiwa wakaja kunifariji mimi. Shemeji wa marehemu akanishika bega: "Jikaze kaka, kazi ya Mungu haina makosa." Ningemwambiaje kwamba simlilii marehemu, nalilia pingili ya tano?

Basi nikaenda hospitali. Dirisha la kwanza wanataka kadi, la pili wanataka namba ya malipo, la tatu wanakwambia mtandao unasumbua, kaa pale usubiri. Ukiwaeleza kwamba kukaa ndiko kulikokuleta, wanakuonyesha benchi kwa kidole. Benchi lenyewe la chuma, limetobolewa matundu, mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali. Aliyeliweka mlangoni pa daktari wa mgongo ama hana huruma, ama anaitafutia hospitali wateja.

Nikapigwa picha ya MRI. Daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa na chenji ikabaki, akainua picha kwenye mwanga. "Baba, unaona hapa?" Sikuona. "Kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu." Nikaitikia kwa heshima. Akanifafanulia kwamba diski ni kijisahani kinachokaa kati ya pingili na pingili, nje kina ukuta mgumu, ndani ute mzito. Yangu imefanya kama sambusa iliyopasuka pembeni: nyama imetoka nje, na huko nje imekutana na neva. Si kwamba inaibana tu, ule ute wenyewe unaiwasha neva na kuivimbisha. Tangu siku hiyo sambusa nazila huku nimeangalia pembeni.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na kusoma nako ni ugonjwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha hizohizo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata chembe. Zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyotuna, angalau mahali pamoja. Yaani wapo watu wanapita Kariakoo na gunia begani, diski zimewatuna, hawana habari, wanapiga mluzi. Na mimi nimelipia picha ili nijue diski yangu si nzima, wakati nusu ya wapiga mluzi nao zao si nzima! Ndiyo maana daktari mwenye akili haangalii picha peke yake. Wangu aliniinua mguu nikiwa nimelala chali mpaka nikapiga kelele, akagonga nyuma ya kifundo kwa kile kinyundo cha mpira, akaniambia nisimame kwa ncha za vidole. Picha na mguu viliposema neno moja, ndipo akakubali.

Kisha akanipangia njia. Ya kwanza, kusubiri: wengi wenye sayatika ya diski hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi, bila kisu wala sindano, kwa kuwa mwili wenyewe huila taratibu ile nyama iliyotoka. Ya pili, dawa za maumivu na mazoezi. Ya tatu, ikiwa maumivu yanakunyima usingizi na kazi, sindano ya steroidi karibu na mzizi wa neva. Ya nne, upasuaji. Kusubiri nilishasubiri mpaka nikazoeleka kwenye lile benchi. Nikasema sindano.

Mke wangu, Mama Salma, alimwambia dada yake. Dada yake akawaambia wenzake wa kikoba. Kabla ya magharibi mtaa mzima unajua kwamba Baba Salma anakwenda kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, na kambi mbili zikaundwa pale barazani kwangu.

Kambi ya kwanza ilisema nitapooza. Kila mwanachama alikuwa na mtu wake: binamu wa jirani, mume wa mwalimu, fundi mmoja wa Mbagala. Wote waliingia kwa miguu wakatoka kwa kiti cha magurudumu. Nikiuliza hospitali gani, mwaka gani, naambiwa mimi mbishi. Kambi ya pili ilisema nitapona palepale, tena moja kwa moja: unaingia na mkongojo, unatoka unakimbia. Pembeni akasimama kijana wa jimu, amekunja mikono: "Mzee, steroidi? Kwa hiyo tutegemee kifua?" Na shangazi yake Mama Salma akakumbuka vile vidonge ambavyo baadhi ya mabinti humeza ili wanenepe, akanitazama nyuma kwa mashaka.

Sasa ngoja niseme, maana pale barazani sikupewa nafasi. Steroidi za kutunisha misuli ni jamaa za homoni ya kiume. Hizi za mgongoni ni ukoo mwingine: ni jamaa za kotisoli, homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, na kazi yake hapa ni kupoza uvimbe na mwasho. Shangazi hakukosea sana, vile vidonge vya kunenepesha mara nyingi ni vya ukoo huuhuu, na kuvimeza kiholela kunavuruga sukari, presha na mifupa. Na kotisoli inatengenezwa wapi? Kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Nilipolisoma hilo nilinyamaza. Sikutaka yule konda ajue kwamba alikosea kwa sentimita chache tu.

Jambo lenyewe la kuchoma sindano mgongoni wala si geni. Mwaka 1901 kule Paris, daktari Jean-Athanase Sicard aliwachoma wagonjwa wa sayatika kokeini kupitia tundu dogo lililo mwishoni mwa mfupa wa sakramu. Ndiyo, kokeini, wakati huo ikiwa dawa ya ganzi. Nilimsomea Mama Salma, akasema hao walikuwa hawaponi, walikuwa wanasahau. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, wakajaribu kotisoni, ndugu wa kotisoli, kwa mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kuinuka, akainuka, na mwaka 1950 Hench akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Miaka michache baadaye madaktari wa Ulaya wakaanza kuipeleka dawa ya aina hiyo mpaka jirani na neva za mgongo. Kwa hiyo sindano hii imenizidi umri, na ningeomba iamkiwe.

Siku ikafika. Kwanza ni fomu ya ridhaa, iliyoorodhesha kila balaa linaloweza kumpata binadamu, na kalamu iliyofungwa kamba fupi hivi kwamba ili utie saini sharti uiname. Kuinama! Halafu gauni la kufunga nyuma, ambalo halifungi. Nikalazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo, mgongo wote na sehemu ya heshima yangu vikiwa wazi mbele ya nesi aliyelingana na binti yangu Salma. Akanipaka dawa ya kuua vijidudu, ya baridi, kutoka mbavuni mpaka nisikotaja. "Mzee wangu, usitingishike."

Juu yangu kulikuwa na mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, na pembeni skrini inayoonyesha pingili zangu zikiwa za kijivu. Daktari alichoma ganzi kwanza, kisha akaingiza sindano ndefu, anasukuma kidogo, anaangalia skrini, anasukuma kidogo. Anapolenga ni upenyo mwembamba ulio nje ya utando unaofunika uti wa mgongo na mizizi ya neva, kwa hiyo uti wenyewe hauchomwi, kambi ya kwanza mnisikie. Akatia dawa ya rangi kidogo ili aone kwenye picha inaelekea wapi na haijaingia kwenye mshipa wa damu. Ndipo ikafuata yenyewe, mililita chache, steroidi imechanganywa na ganzi. Na hapo yale maumivu yangu, njia ileile, yakashuka mpaka kidole kidogo, makali kuliko siku zote.

"Yameshuka mguuni, baba?"

"Yameshuka!"

"Safi sana. Ndipo penyewe hapo."

Nimeishi miaka mingi, sijawahi kupongezwa kwa kupiga ukunga.

Kwa muda mguu ulilegea kwa ganzi, na nesi akanikataza kuendesha chombo chochote siku hiyo. Ile ganzi ikaisha jioni, maumivu yakarudi na salamu zake, na kambi ya kwanza wakaanza kutazamana kwa maana. Hakuna aliyewaambia kwamba steroidi haianzi kazi siku hiyohiyo, inaweza kuchukua siku kadhaa. Badala yake nikapata uso uliopata moto na usiku usio na usingizi, mambo ambayo hutokea na kupita. Mwenye kisukari ndiye wa kujihadhari zaidi, maana sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, na daktari anapaswa kujua kabla ya kumgusa. Vilevile mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye maambukizi mwilini.

Kisha asubuhi moja nikainama nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Mama Salma akapiga kigelegele, na kambi ya pili wakatangaza ushindi mpaka kituoni. Wamenipangia hadi ushuhuda.

Hapo ndipo ninapogombana na kila mtu, kwa sababu ukweli wa sindano hii ni mdogo na hauna mteja. Watafiti wa Cochrane, kundi linalopima ushahidi wa tiba, walipitia tafiti 25 mwaka 2020 na kukuta kwamba kwa sayatika inapunguza maumivu ya mguu kidogo, na kwa muda mfupi. Kidogo! Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo wasiopata kitu, na nafuu yenyewe ni ya wiki au miezi, kisha inakwenda zake. Kwa waliobanwa neva kwa sababu mfereji wa uti umekuwa mwembamba, hali ya kawaida uzeeni, utafiti wa watu 400 uliochapishwa Marekani mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana kati ya kuchomwa ganzi yenye steroidi na kuchomwa ganzi tupu. Na kwa mgongo unaouma tu bila kushuka mguuni, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unawaambia madaktari wasiitoe kabisa, lakini wanaweza kuifikiria kwa sayatika kali iliyoanza karibuni.

Sasa ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umelipa fedha, umelazwa kifudifudi, umepiga ukunga, ili upate nafuu ya muda, anakuona umeibiwa. Sikuibiwa. Sindano haikuirudisha nyama ndani ya sambusa. Ilipoza mwasho nikapata usingizi na nikaweza kufanya mazoezi wakati mwili unajitengeneza wenyewe. Kama mtu aliniahidi zaidi ya hapo, si daktari, ni shemeji.

Kambi ya kwanza nao nisiwanyime haki yao, kwani lisemwalo lipo, ingawa si la fundi wa Mbagala. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba sindano hizi, kwa nadra sana, zimefuatiwa na kiharusi, upofu, kupooza, hata kifo. Na mwaka 2012 hukohuko, dawa iliyoingia kuvu kwenye famasi moja ya kuchanganya dawa ya Massachusetts ilisambazwa, watu zaidi ya 750 wakaugua na 64 wakafariki. Kwa hiyo swali la kuuliza si "nitapooza?" Uliza nani anachoma, amefundishwa wapi, anaongozwa na picha au anakisia, na dawa imetoka kwenye chupa gani. Uliza pia wanakusudia kukuchoma mara ngapi, maana madaktari wengi hawazidishi mara tatu au nne kwa mwaka.

Ninachokilalamikia kuliko vyote ni dirisha la duka la dawa. Pale mtu anashika kiuno, anaambiwa, "Ingia nyuma ya pazia," anachomwa diklofenaki kwenye kalio, anarudi wiki ijayo, anachomwa tena, na anaondoka akisema naye amechomwa "ile ya mgongo". Si ile. Hiyo ni dawa ya maumivu ya kawaida, na ikichomwa ovyo mahali pasipo pake, inaweza kuijeruhi neva ileile ya sayatika, kwa kuwa inapita humo humo kwenye kalio. Ikitumika mfululizo bila daktari inachubua tumbo na kuharibu figo. Ukifuata tiba ya mtaa kwa bidii ya kutosha, basi, mwisho wake utakutwa kweli una figo, na konda atapita akidai shukrani.

Kazi iliyobaki ni ya mazoezi, na ni ya kuchosha. Binti wa fiziotherapia amenikataza kulala kitandani mchana kutwa, amenipa mazoezi ya tumbo na mgongo, na amenitaka nitembee kila asubuhi. Natembea. Watoto wa shule wananiamkia mara mbili, nikienda na nikirudi, kwa sababu wananipita njia zote mbili.

Ukiumwa wewe, subiri kwanza ikiwa unaweza, tembea, na sindano iwe ya mguu unaowaka wala si ya kila kiuno kilichochoka. Lakini mguu ukianza kupoteza nguvu, au ganzi ikikushika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au ukashindwa kukojoa, au haja ikatoka bila ruhusa yako, hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo. Na maumivu ya mgongo yakija na homa, jasho la usiku au kukonda, yapelekwe yakapimwe haraka, maana kifua kikuu nacho hula pingili. Kwa hayo mawili usimuulize mtu yeyote barazani, hata mimi.